Mji wa Udongo Juu ya Meza

Nilirudi Tabora kwa treni mwezi wa Oktoba, na sanduku la bati mkononi na bomba la kubebea ramani begani. Abiria mwenzangu alinitazama njia nzima kutoka Morogoro akidhani nimebeba bunduki. Treni ilipopita Kigwa jua lilikuwa limeshapanda, na wanawake waliokuwa wakiuza karanga za kuchemsha madirishani walikuwa wamejitwika khanga zilizokunjwa mara mbili kichwani. Nilishika chuma cha dirisha nikauondoa mkono haraka. Chuma kilikuwa cha moto kama kikaango. Nikacheka peke yangu. Nimefika nyumbani.

Nilikuwa nimesomea uchoraji wa ramani Dar es Salaam. Ujamaa ulikuwa bado mpya midomoni mwa watu, na neno "ndugu" lilitumika kwa kila mtu, toka mkuu wa ofisi mpaka mfagizi. Nilipangiwa ofisi ya mipango miji, chumba kimoja kirefu chenye meza mbili za kuchorea, kabati lisilofungika, na feni moja ya mezani ambayo tuliihamisha kutoka kwa huyu kwenda kwa yule kwa zamu. Bosi wangu alikuwa mpangaji miji, kijana wa Bukoba aliyesoma nchi za baridi na kurudi na tabia ya kuongea peke yake akichora. Mara ya kwanza kumsikia nilidhani ananiita.

"Umesema nini, ndugu?"

"Hapana, dada. Naongea na huu mtaa."

Mtaa aliokuwa akiongea nao ulikuwa upande wa pili wa reli. Mwaka uliotangulia zilijengwa huko nyumba za wafanyakazi, safu ndefu zilizonyooka, kuta nyembamba za matofali ya saruji, bati juu, madirisha madogo. Watu walihamia kwa ngoma na nyimbo. Nyumba hizo zilikuwa fahari ya mji, picha yake ilibandikwa hata ukutani posta. Sasa serikali ilitaka nyingine nyingi zaidi, mtaa mzima, na mchoro ulikuwa ule ule. Kazi yangu ilikuwa kuunakili tu.

Nilikuwa sijamaliza wiki yangu ya kwanza walipoingia akina mama kutoka kule. Walikuja asubuhi, wamevaa vizuri kama watu wanaokwenda kwenye shughuli. Mmoja wao, mke wa fundi wa reli, alikuwa na mtoto mgongoni. Alimsalimu bosi wangu kwa heshima zote, kisha akamfungua mtoto na kumlaza juu ya mchoro, katikati ya safu za nyumba ambazo hazijajengwa.

"Ndugu, mwangalie mwanao," alisema.

Mtoto alikuwa amejaa vipele vya joto shingoni, kwapani, mapajani. Alitupa miguu akaanza kulia, na karatasi ikalowa jasho lake.

"Mchana hatukai ndani. Jioni ukuta ukiguswa unaunguza. Tunapika nje, tunakula nje, tunalala nje kwenye mikeka na milango tumeifunga kwa kufuli, utafikiri ndani tumefuga chui. Sasa hizo mnazoongeza, ni za nani?"

Bosi wangu hakujitetea. Alimpepea yule mtoto kwa rula pana mpaka akanyamaza. Akina mama walipoondoka, aliukunja ule mchoro akauweka juu ya kabati.

"Hatuuchori tena hivi hivi," aliniambia. "Jua ni moja. Kwa nini watu wa mtaa wa zamani wa Gongoni hawajaja kulia hapa? Mji unajitengenezea hali yake ya hewa, dada, mtaa kwa mtaa. Lazima tuijue kabla hatujajenga."

Ndivyo nilivyokutana na rafiki yangu. Kwenye kituo cha hali ya hewa pale uwanja wa ndege alikuwapo mwanamke mmoja tu, msichana wa Kinyamwezi kutoka Usinge, mrefu, mwenye kicheko kilichosikika mpaka barabarani. Kazi yake ilikuwa kusoma vipimajoto, kupima mvua na kutazama mawingu. Bosi wangu aliandika kumwazima, na mkuu wake akakubali atusaidie saa za mchana pamoja na vipimajoto viwili vya akiba. Alikuja na baiskeli yake, akaingia ofisini bila kubisha.

"Mwangaluka!" alisalimu kwa Kinyamwezi. "Nani anataka kupikwa juani pamoja na mimi?"

Nikanyoosha mkono.

Sijui kama naweza kueleza vizuri furaha ya miezi ile. Wasichana wawili juu ya baiskeli, kitambaa cheupe kichwani, mwavuli mmoja tuliopokezana, tukizunguka mji mzima saa ambazo kila mwenye akili zake amejilaza. Tulisimama sokoni, tulisimama stesheni, tulisimama mbele ya maduka ya Wahindi ambako mabaraza marefu yalitupa kivuli, na mwenye duka la vitambaa alitutolea vigoda bila kuuliza tunafanya nini. Tulining'iniza kipimajoto ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, tukangoja kitulie, rafiki yangu akasoma, mimi nikaandika. Alikuwa mkali kwa kazi. Nikisogea na kivuli changu kikaangukia kisanduku ananisukuma. Lakini tukishapanda baiskeli anaanza kuimba nyimbo za Usinge, na mimi nisiyejua Kinyamwezi cha kutosha naitikia maneno ambayo baadaye niliambiwa hayakuwa na adabu.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa barabara ya miembe. Miti ile ilikuwa ya zamani za misafara, mikubwa, imepangana pande zote mbili kwa mwendo mrefu, na watu walisema ilitokana na kokwa za wapagazi waliotoka pwani kwenda Ujiji. Ukiingia chini yake kutoka kwenye jua, unasikia ubaridi shingoni kama mtu amekumwagia maji. Tulikuwa tukipunguza mwendo bila kukubaliana.

Tulipima pia nyumbani kwetu. Mama yangu alikuwa bado anaishi kwenye tembe, nyumba ya kuta nene za udongo na paa la udongo, ile ile nilimozaliwa. Baba alikuwa fundi bati, anatengeneza koroboi, makarai na mabomba ya mvua kwa mji mzima, na mama alikuwa amemsumbua kwa miaka kwamba nyumba ya fundi bati ndiyo pekee isiyo na bati. Rafiki yangu alisoma kipimajoto ndani, akatoka akakisoma nje, akapiga mluzi.

"Mama, humu ndani kuna baridi kama mtungini!"

Nilidhani mama atafurahi. Alikasirika kabisa.

"Baridi nitaila? Mvua ikinyesha natega masufuria kila kona. Mchwa wamekula hata mwimo wa mlango. Juzi nyoka kaanguka darini karibu na unga. Nyinyi mmelala kwenye bati Dar es Salaam, leo mnaniletea kioo cha kunisifia tope?"

Akamgeukia baba. "Na wewe usifikiri umeponea hapo."

Tulicheka mpaka rafiki yangu akakaa chini. Lakini nililibeba neno lake mpaka ofisini, na bosi wangu alilichukua kwa uzito. Alisema kweli, watu hawatarudi kwenye tembe, wala hawana sababu. Kinachotakiwa ni bati lisiloua.

Ofisini nilichora ramani ya joto. Mahali penye baridi nilipaka kijani, pa wastani njano, pa moto nyekundu. Siku hizi mjukuu wangu hunionyesha ramani kama hizo kwenye kompyuta, rangi zikibadilika zenyewe saa baada ya saa, na mashine ikikadiria mji utakuwaje ukikata msitu huu au ukijenga pale. Mimi nilipaka kwa brashi, mchana kutwa, jasho likidondokea kwenye rangi. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa nyekundu tupu. Soko nyekundu. Na kipande cha mtaa mmoja wa Ng'ambo ambako nyumba zilisongamana na miti ilikwisha kukatwa kwa kuni, nacho nyekundu.

Ramani ile ndiyo iliyotuletea balaa.

Ulikuwa wakati wa kuhamia vijijini. Sehemu nyingi watu walikuwa wamepakiwa kwenye malori na vitu vyao, wakapelekwa vijiji vipya, na waliobaki mjini waliishi wakisikiliza mlio wa kila lori. Sasa mtu mmoja aliingia ofisini kwetu kwa shughuli zake, akaona ramani ukutani, akaona mtaa wake umepakwa rangi nyekundu. Kabla jua halijazama habari ilikuwa imefika kila baraza la kahawa: wale wasichana wa baiskeli wanaweka alama nyumba za kubomolewa. Nyekundu ni ya kuhamishwa.

Sisi hatukujua. Kesho yake tulikwenda Ng'ambo kama kawaida. Mwanzoni mwa mtaa tulikuta akina mama wamesimama, wengine na michi mikononi. Aliyekuwa mbele alikuwa mjane mnene, muuza vitumbua, mtu niliyemjua tangu utoto wangu.

"Shikamoo, mama," nilisema.

Hakuitikia. Sikumbuki kama niliwahi kunyimwa marahaba maishani mwangu kabla ya siku ile.

"Hampimi mtu hapa," alisema. "Mmepima ya kutosha."

Rafiki yangu alifungua kisanduku, akatoa kipimajoto ili kumwonyesha. "Mama, hiki kinapima joto tu. Tazama—"

Yule mama alikipokonya akakitupa chini. Kioo kikapasuka kwenye jiwe, na zebaki ikamwagika vumbini, matone madogo ya fedha yakikimbizana. Watoto walitaka kuyaokota, rafiki yangu akawapigia kelele wasiguse, ni sumu. Kisha akachuchumaa pale pale akayakusanya kwenye kikaratasi huku analia. Kipimajoto kilikuwa mali ya kituo, na alikuwa ameapa kukitunza. Wale akina mama waliposikia neno sumu walirudi nyuma, na hofu yao ikazidi. Tukaondoka tukisukuma baiskeli.

Nyumbani nilimkuta baba amekaa kwenye kigoda chake cha kazi, lakini hafanyi kazi. Alikuwa ametoka msikitini, amepita barazani kunywa kahawa kama kawaida yake, na watu wakahama mmoja mmoja mpaka akabaki peke yake na kikombe.

"Mwanangu, ni kweli?"

"Si kweli, baba."

"Basi kwa nini umepaka mtaa wa watu damu?"

Nilimweleza. Nyekundu ni joto, kijani ni ubaridi, hakuna nyumba itakayobomolewa kwa ramani yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema taratibu, "Mimi nimekuelewa kwa sababu wewe ni mwanangu. Wale utawaeleza lini, na kwa mdomo gani?"

Nilimpelekea bosi wangu swali hilo kama lilivyo. Alitembea chumba kizima akijisemea, akarudi, akasimama mbele ya ramani, akaishusha.

"Karatasi hii inazungumza na mimi na wewe tu," alisema. "Tuujenge mji wenyewe. Mtu aione nyumba yake, aguse."

Ndivyo tulivyoanza mji wa udongo. Udongo wa mfinyanzi tulichota bondeni, ukaletwa kwa mkokoteni hadi ukumbi wa jamii, na meza zote za ukumbi zikaunganishwa kuwa meza moja kubwa. Nilikuwa na vipimo vya mji kwenye ramani zangu, miinuko na mabonde, kwa hiyo kila kilima kilikaa mahali pake. Tuta la reli tulilinyoosha katikati. Miembe tulitengeneza kwa vijiti na pamba iliyochovywa kwenye rangi ya kijani. Nyumba nilizifinyanga mimi na rafiki yangu, ambaye mikono yake mirefu ilikuwa na ufundi kuliko yangu; mama yake alikuwa mfinyanzi huko Usinge.

Baba alikuja siku ya tatu au ya nne bila kualikwa, na mkasi wake wa bati na vipande vya makopo. Alizunguka meza mara moja, akikagua.

"Nyumba hizi hazina mapaa," alisema.

Alikaa sakafuni akaanza kukata. Mapaa madogo, yamekunjwa katikati vizuri, yakilingana na kila nyumba. Kwa kazi ile alirudi kila alasiri, na watu waliopita dirishani walimwona, na nadhani hilo lilifanya kazi kubwa kuliko tangazo lolote. Fundi bati hawezi kuezeka mji utakaobomolewa.

Siku ya maonyesho ilikuwa Jumamosi, baada ya sala ya alasiri. Balozi wa kila nyumba kumi alikuwa ameleta watu wake, wengine kwa hiari, wengine kwa udadisi. Ukumbi ulijaa mpaka watoto wakapanda madirishani. Kwa muda hakuna aliyesikiliza hotuba ya bosi wangu. Watu walikuwa wakiitafuta mitaa yao.

"Ule si msikiti wetu?"

"Tazama soko! Tazama kile kibanda cha Mpemba!"

"Mimi nakaa hapa. Hapa hapa, nyuma ya mti."

Nikamwona yule muuza vitumbua akijipenyeza. Alifika ukingoni mwa meza, akainama, akatafuta kwa kidole. Akainua kichwa, akanitazama moja kwa moja.

"Nyumba yangu haipo. Mmenisahau, au mmeshanibomoa?"

Ukumbi ulicheka, lakini yeye hakucheka. Kweli tulikuwa tumeiruka; nyumba yake ilikuwa imejificha katikati ya zingine na kwenye ramani ilikuwa haimo. Nilichukua donge la udongo nikaifinyanga mbele yake. Baba akakata paa, akalikunja, akampa. Yule mama aliweka paa juu ya nyumba kwa mikono yake mwenyewe, akaipachika mahali pake, akaibonyeza ishike.

"Shikamoo, mama," nilijaribu tena.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Uani kwangu kuna mpapai. Na mpapai tia."

Madirisha yakafunikwa mablanketi. Bosi wangu akawasha karabai, akaishika juu upande wa mashariki, akaanza kutembea nayo polepole kuelekea magharibi. Lilikuwa jua letu. Watu waliona vivuli vikifupika, vikipotea, vikirefuka upande wa pili. Alipofika magharibi alisimama, na kila mtu akaona jinsi mwanga ulivyopiga kuta ndefu za nyumba za wafanyakazi kuanzia safu ya kwanza hadi ya mwisho, bila kizuizi. Mke wa fundi wa reli, yule wa mtoto mwenye vipele, alipiga kofi.

"Ndiyo hapo! Hilo ndilo jua linalotuua!"

Kisha tukaweka feni ya ofisi mahali unapotokea upepo wa kiangazi, na mama mmoja akatuazima chetezo. Moshi wa udi ulikwenda na upepo juu ya mji wa udongo. Ulipita vizuri bondeni, ukapita barabara ya miembe, ukagawanyika Gongoni kwenye vichochoro. Ulipofika kwenye zile safu ndefu ulijikusanya, ukazunguka mahali pamoja, ukapanda juu kama umepotea njia. Ukumbi mzima uliufuata moshi kwa macho. Naikumbuka harufu ile mpaka leo. Kuna harusi ambazo nikiingia nasahau bibi harusi nakumbuka mipango miji.

Mwisho rafiki yangu alichukua kopo la kumwagilia akaunyeshea mji mvua. Maji yalitiririka kutoka vilimani, yakatafuta bonde, yakasimama mahali ambapo mchoro mpya ulikuwa umepanga safu ya maduka. Mtu mmoja wa reli alisema tumesahau kalvati iliyo chini ya tuta, maji mengine hupitia hapo. Tulitoboa tuta kwa penseli, tukanyesha tena, na maji yakafika hata kwenye shule.

Watu walianza kuuliza kwa pamoja. Bosi wangu aliinua mikono.

"Ndugu zangu, huu ni udongo. Hauwezi kutuambia kila kitu. Upepo wa feni si upepo wa Mungu, na karabai si jua. Lakini kosa likifanyika hapa juu ya meza tunalifinyanga upya. Tukilifanya kwa saruji, tutaishi nalo."

Kamati ya maendeleo ya mji ilikuja wiki iliyofuata kuutazama mji huo huo. Mwenyekiti alikuwa mtu wa haki, lakini alibanwa. Tumbaku ya Sikonge ilikuwa ikiongezeka, malori yalihitaji barabara pana hadi stesheni, na njia ya karibu ilipita kwenye miembe. Alisimama akiitazama ile miti ya pamba kwa muda mrefu.

"Ndugu Mpangaji, mimi nikirudi kwa wakubwa nitasema nini? Kwamba tumeacha barabara kwa ajili ya kivuli?"

"Sema tumejenga zote mbili," bosi wangu alijibu. "Barabara ipite nyuma, kwenye ukingo wa bonde."

"Huko ni mbali, na kunahitaji daraja. Daraja hatuna."

Walibishana mchana ule wote. Mke wa fundi wa reli alipewa nafasi, akaeleza habari za watoto wa mtaa wake, bila kupamba. Nadhani ni yeye aliyetupatia kile tulichokipata. Nyumba mpya zikageuzwa, kuta ndefu zikatazama kaskazini na kusini. Zikawekewa mabaraza. Matofali yakawa ya kuchoma, yaliyofyatuliwa na watu wenyewe kwa kujitegemea, na dari ya matete ikawekwa chini ya bati na matundu ya kupitisha hewa. Bonde likaachwa wazi, liwe uwanja wa mpira na bustani za mboga. Safu za zamani zikapandiwa mwarobaini, kila nyumba mti wake.

Miembe hatukuiokoa yote. Walikubaliana kukata upande mmoja.

Walikata mwezi wa Novemba, nilipokuwa nimetimiza mwaka kazini, maembe yakiwa bado machanga. Nilikwenda kwa sababu niliona ni lazima. Miti ile haikuanguka kirahisi. Walifunga kamba, wakavuta, wakapumzika, wakarudi tena na mashoka. Kila mmoja ulipoanguka ardhi ilitetema miguuni, na maembe mabichi yakabingirika barabarani, na watoto wakayakusanya kwenda kula na chumvi na pilipili. Harufu ya utomvu ilijaa hewani. Rafiki yangu alisimama karibu nami amekishika kipimajoto kilichobaki, hakukisoma. Bosi wangu siku hiyo hakutoka ofisini. Nilipopeleka habari kwamba wamemaliza aliniuliza tu, "Upande wa mashariki?" Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa. Tulikuwa tumeomba, kama ni lazima, wabakize upande wa magharibi, ili alasiri wapita njia wapate kivuli. Hilo walitusikiliza.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nzito. Bonde lilijaa, maji yakapita mahali ambapo maduka hayakujengwa, yakaenda zake, yakaacha tope na vyura. Mpira ulisimama kwa muda mrefu, vijana wakatulaumu. Bustani za mboga zilizolimwa chini kabisa zilikwenda na maji, na wenyewe walikuja ofisini kulalamika, na walikuwa na haki. Hatukuwaambia waziache sehemu zile. Mji wa udongo ulikwisha ondolewa, ukumbi ulihitajika kwa mikutano. Baba alichukua mapaa yake akayatia kwenye gunia.

Mama alipata bati lake mwaka uliofuata. Baba aliezeka mwenyewe, na chini yake akaweka dari ya matete kama za nyumba mpya. Kuta nene za udongo ziliachwa. Mvua ya kwanza ilipogonga bati usiku kucha, asubuhi mama alisema hakulala kwa kelele, lakini alisema akitabasamu, na masufuria yake yote yalikuwa makavu.

Watu walipokwisha kuhamia kwenye nyumba mpya, mimi na rafiki yangu tulikwenda kupima, Oktoba tena, kituo kikiwa kimepata kipimajoto kingine kutoka Dar es Salaam. Mke wa fundi wa reli alikuwa amehamishiwa huko. Tulimkuta barazani akichambua michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mtoto wake akikimbia huku na huko, na vipele hana.

"Leteni hicho kisanduku chenu," alisema. "Lakini kwanza kaeni."

Tukakaa. Akachemsha chai ya tangawizi, tukala michembe kwa karanga, tukazungumza habari za watu. Tulipokumbuka kazi jua lilikuwa limeshashuka na kipimo kisingekuwa na maana. Rafiki yangu, mkali yule wa kazi, alikitazama kisanduku kilichofungwa akaangua kile kicheko chake.

"Tutaandika nini?" nilimuuliza.

"Tutarudi kesho," alisema. Na tulirudi, na tulipima, na nyumba ilikuwa na nafuu kubwa, ingawa si kama tulivyotabiri.

Baadaye bosi wangu aliitwa wizarani. Rafiki yangu alihamishiwa Mtwara, kituo cha pwani, na nilimsindikiza stesheni na mtungi wa asali ya Usinge ili asisahau kwao. Tuliandikiana kwa miaka mingi. Katika barua zake aliniambia joto la huko ni la maji, linakushika kama nguo iliyolowa, na kwamba ameanza kuwafundisha wasichana wengine kusoma kipimajoto bila kukitilia kivuli chao. Mimi niliolewa, nikazaa, nikabaki kuchora mitaa ya Tabora mpaka nilipostaafu. Nimefanya kazi na watu wengi wazuri. Lakini miaka ile miwili, mwavuli mmoja, baiskeli mbili, na wimbo ambao maana yake sikuwa naijua, sijaipata tena mahali popote.